Watu wanashinda kwenye simu, mbona kampuni za mitandao zinalia hela?

Muulizaji: Wakuu habari zenu, kuna kitu kinanichanganya. 2023 Ericsson, wale wanaotengeneza mitambo ya minara ya simu, walitangaza kupunguza wafanyakazi kama 8,500, mwaka huohuo mwezi wa kumi Nokia, wanaouza mitambo hiyohiyo, nao wakasema wanaweza kupunguza mpaka 14,000, eti mitambo ya 5G hainunuliki. Hainunuliki vipi wakati kila ninayemjua anaamka na simu analala na simu? Anayeelewa anidadavulie.

Fundi_Mnara: Mkuu wewe sio mteja wa Ericsson, mteja wao ni kampuni ya simu. Kipindi cha korona chipu ziliadimika, kampuni zikaogopa zikaagiza mzigo kupita kiasi. Mimi nafunga minara, kuna ghala tulikuwa tunachukulia vifaa, redio za 5G (mitambo ya mnarani ya kurusha mawimbi) zimepangwa mpaka dari nailoni haijatolewa, mtunza stoo anawekea kikombe cha chai juu ya boksi. Hizo zisipoisha nani ataagiza nyingine??

Mzee wa Masafa: Na hela yenyewe inaishia kwenye masafa, yaani mawimbi ya hewani ambayo kampuni za simu zinanunua serikalini ruhusa ya kuyatumia. Mwaka 2000 mnada wa 3G Uingereza uliiingizia serikali pauni bilioni 22 na ushee, Ujerumani ikavuna yuro kama bilioni 50, hapo umenunua ruhusa tu, hata mnara mmoja hujasimamisha. Kampuni za simu zikakopa, simu za 3G zikachelewa kuja, riba haichelewi. Wauza mitambo wakaumia nao, Ericsson ilibaki na karibu nusu ya watu wake. 2021 Marekani mnada mmoja tu ukapita dola bilioni 80, yaani hawakomi hawa.

Muulizaji: Si wapandishe bei ya bando yaishe?

Dada K: Wapandishe waone 😂 India 2016 kampuni ya simu ya Jio iliingia na data ya bure kwa miezi kadhaa, matumizi yakapaa, wenzake wakaanza kudondoka, Aircel ikafilisika 2018, Vodafone na Idea wakaungana na bado madeni yakawaelemea mpaka 2023 serikali ikageuza sehemu ya deni kuwa hisa. Halafu hiyo 5G, video inayocheza vizuri kwenye 4G ni ileile, mtu alipie zaidi ya nini?

Muulizaji: Kwa hiyo nikiangalia mpira dakika 90 kwenye simu nawatia hasara?

Fundi_Mnara: Hasara hapana, ila usiku mnara ukielemewa lazima tuongeze mtambo na bando lako ni lilelile. We angalia tu mkuu, mi napata kazi.