Kuzidisha kwa kukingamisha katika hesabu za kutosawa: kosa linaingilia wapi?

Swali
Walimu wangu na wenzangu wa kidato cha tano, naomba ufafanuzi wa hesabu hii ya kutosawa: (2x + 1)/(x − 3) < 1. Ukizidisha kwa kukingamisha, kama tulivyozoea katika milinganyo, unapata 2x + 1 < x − 3, yaani x < −4. Kitabu kinasema jibu ni −4 < x < 3. Kweli, x = −5 inatoa 9/8, ambayo haipungui 1, ilhali x = 0 inatimiza sharti. Ni hatua ipi isiyo halali?

Jibu la 1
Ni hatua ya kwanza kabisa. Kukingamisha si kanuni inayojitegemea, bali ni njia ya mkato ya kuzidisha pande zote mbili kwa asili (namba ya chini ya sehemu), na hapa asili ni x − 3, ambayo ni chanya x ikizidi 3 na ni hasi x ikiwa chini ya 3. Tunajua kwamba 2 < 5, lakini tukizidisha pande zote kwa −1 tunapata −2 > −5. Kwa hiyo anayeiacha alama kama ilivyo amekwisha kuchukulia, bila kusema, kwamba x > 3, na hakuna namba inayozidi 3 ambayo papo hapo ni ndogo kuliko −4. Pale x < 3, alama inageuka: 2x + 1 > x − 3, hivyo x > −4, na jibu la kitabu linapatikana. Katika mlinganyo hakuna alama ya kugeuza; inatosha asili isiwe sifuri.

Jibu la 2
Sawa, ila mimi hupendelea kuhamishia kila kitu upande mmoja: (x + 4)/(x − 3) < 0, kisha kukagua alama kwenye mstari wa namba, kushoto na kulia kwa −4 na 3. Wapo wanaozidisha kwa (x − 3)², ambayo kamwe si hasi. Njia hiyo ni halali, lakini alama ikiwa ≤ huwavuta kuijumuisha 3 katika jibu, wakati sehemu yenyewe haina thamani hapo.

Muuliza swali
Ahsanteni. Je, asili zote mbili zikiwa na x, mfano 3/(x + 1) > 2/(x − 2)? Kukingamisha kunatoa x > 8, na x = 10 inakubali.

Jibu la 1
Huo ni mtego mbaya zaidi, kwa sababu jibu ni nusu ya kweli na jaribio moja haliufichui. Ukihamisha utapata (x − 8)/((x + 1)(x − 2)) > 0, ambayo inatimizwa na x > 8 na pia −1 < x < 2. Jaribu x = 0: 3 inazidi −1. Kati ya −1 na 2 asili moja ni chanya na nyingine hasi, zao lao ni hasi, na hapo ndipo kukingamisha kulipopoteza majibu. Chini ya −1 zote ni hasi, zao ni chanya, wala alama haigeuki.

Jibu la 3
Nisingependa mwanafunzi aogope kukingamisha moja kwa moja. Katika x/(x² + 1) ≤ 1/2 asili zote ni chanya daima, hivyo 2x ≤ x² + 1, yaani (x − 1)² ≥ 0, na kila namba halisi ni jibu.