Deni la mwenye nyumba, mita ya mpangaji: LUKU igeuzwe mkusanya madeni?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikereketa, naomba tulijadili bila jazba.

Nimehamia nyumba iliyokaa tupu miezi minne. Siku ya kwanza nikanunua umeme wa elfu kumi kwenye LUKU, mita ya kulipia kabla, hesabu ninayo kichwani: uniti ni shilingi 292, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) 1 inafika 356 na senti. Kwa hiyo nipate uniti 28. Nikapata saba. Kodi ya jengo ya miezi minne ambayo mwenye nyumba hakulipa, pamoja na ya mwezi huu, 1,500 mara tano, imeliwa kwa mpigo. Nikampigia, akanijibu "tutaongea." Mnaijua hiyo "tutaongea."

Sibishani na kodi yenyewe. Ilihamishiwa kwenye LUKU Agosti 2021 ikiwa buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda. Serikali ilisema mlipaji ni mwenye jengo, mpangaji akakatane naye kwenye kodi ya pango. Sawa. Ila mita haijui nani anadaiwa. Inamjua aliyeshika simu akanunua. Na sasa mita za maji za kulipia kabla nazo zimeanza kufungwa, kwa hiyo tukilinyamazia hili kwenye umeme tutalikuta bombani.

Msimamo wangu: deni pekee linaloruhusiwa kupita kwenye mita ni la huduma ya mita hiyo, tena la aliyeitumia.

Mzee wa Ankara

Kijana, wewe hukuziona enzi za ankara. Msoma mita akikuta geti limefungwa anakadiria, inakuja bili ya nyumba yenye viyoyozi wakati una balbu tatu na pasi. Ukichelewa wanakata. Unapanga foleni, unalipa deni lote na ada ya kurudishiwa, halafu fundi anakuja kesho kutwa. LUKU ilipoingia miaka ya tisini tulipumua.

Na hiyo 1,500 kwa mwezi hata muuza mchicha anaimudu. Ungedaiwa 18,000 kwa mkupuo ungelia zaidi. Deni la kidogo kidogo ndilo linalolipika.

Mleta mada

Mzee shikamoo. La ankara nakubali, marehemu baba alikuwa akilisimulia hivyo hivyo. Lakini LUKU maana yake Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Ile 6,000 ya miezi ya nyuma niliitumia lini mimi?

Chumba na Sebule

Mleta mada una bahati, mita ni yako peke yako. Sisi tuko wapangaji sita mita moja. Makato yanamwangukia anayenunua wa kwanza mwezi ukianza, kwa hiyo tarehe 1 kila mtu anajifanya haoni uniti zinavyokwisha. Mwezi jana tulikaa gizani toka saa mbili usiku mpaka asubuhi kwa sababu ya 1,500. Watu wazima kabisa.

Halafu kuna hili hamlisemi. Bei ya mtumiaji mdogo ni shilingi 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Sita tukichanganyika hiyo 75 tunaivuka mapema mno. Yaani umaskini wetu ukijumlishwa kwenye mita moja tunahesabiwa matajiri.

Niko Birmingham

Huku Uingereza mita hizi hufungiwa pia wadaiwa. Ukishindwa bili, kampuni inaomba kibali mahakamani, wanakuja kukufungia ya kulipia kabla, na kila ukiweka pesa sehemu inakwenda kwenye deni. Februari 2023 gazeti la The Times likafichua mawakala wa kampuni ya nishati ya British Gas walivyokuwa wakiingia kwa nguvu kwenye nyumba za watu, wenye watoto wadogo na walemavu wakiwemo. Ofgem, wasimamizi wa nishati, wakazitaka kampuni zisimamishe. Masharti ya Novemba mwaka huo yakakataza kumfungia kwa nguvu mwenye mtoto wa chini ya miaka 2, na mzee wa zaidi ya 75 asiye na wa kumsaidia.

Ubaya wake ni huu: kwenye vitabu vya kampuni hakuna aliyekatiwa. Salio limeisha, umejikatia mwenyewe. Ankara ya mzee ilikuwa katili, lakini angalau alikuja mtu na ngazi, jirani wakaona.

Mwenye Nyumba Pia Mtu

Mnatuchoma sana. Wenye jengo moja lenye mita tatu nne iliwabidi wafunge safari mamlaka ya mapato, TRA, kueleza kwamba jengo ni moja, la sivyo kila mita inakatwa. Mzee wa miaka 60 na kuendelea anasamehewa kwa nyumba anayoishi, lakini msamaha haujileti, aufuate. Mleta mada, mdai mwenye nyumba wako. Risiti si unayo?

Kisima

Kuhusu maji, someni kesi ya Phiri, Soweto, Afrika Kusini. Kila kiwanja kilipewa lita 6,000 za bure kwa mwezi, zikiisha bomba linakauka mpaka ununue. Lindiwe Mazibuko na wenzake wakalishtaki Jiji la Johannesburg. Mahakama Kuu ikawapa ushindi 2008. Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikageuza: mita halali, na bomba kukauka si kukatiwa maji, ni huduma kusimama kwa muda. Nendeni mkamwambie hivyo mama mwenye ndoo.

Mkaguzi wa Mtaa

Mnabishania 1,500! Machi 2017 Magufuli akiwa Mtwara aliwaambia shirika la umeme, TANESCO, wakate umeme kwa wadaiwa, hata ikiwa Ikulu. Deni la Zanzibar peke yake lilitajwa kuwa zaidi ya bilioni 120. Hilo halikuwa deni la chumba na sebule. Mita ya kulipia kabla ingeanzia kwenye maofisa huko, ndipo ishuke uswahilini.

Mleta mada

Wakuu, mrejesho. Nimemtumia mwenye nyumba picha ya risiti. Amekubali nikate 6,000 kwenye kodi ya mwezi ujao. Nikamuuliza, na ile 1,500 ya mwezi huu? Akasema, "Hiyo si umeshaingia wewe?"