Naomba ushauri: hisa za kampuni ya mafuta ya kupashia nyumba joto

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Ninaishi Maine, Marekani, ambako takribani nusu ya kaya hutumia mafuta yanayofanana sana na dizeli, yanayoletwa na lori na kujazwa kwenye tangi la nyumbani. Mshauri wangu wa fedha anapendekeza ninunue hisa za kampuni inayoyasambaza, kwa hoja kwamba gawio ni nono na baridi haina likizo.

Hesabu zake zinachukulia kwamba galoni zitakazouzwa hazitapungua na faida kwa kila galoni itapanda. Nimesoma taarifa za mwaka za kampuni nikaona kwamba mauzo hayaanguki kwa sababu tu kampuni inanunua wasambazaji wadogo, huku wateja wa zamani wakiondoka. Nilipomuuliza mshauri kuhusu pampu za joto (mitambo ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kulipeleka ndani ya nyumba) alisema hazifai kwenye baridi kali, ilhali Maine ilivuka lengo lake la pampu 100,000 mwaka 2023, miaka miwili kabla ya muda. Kweli, nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa wanaonunua pampu hizo iliisha mwishoni mwa 2025, lakini mwenye pampu aliyebakiza boila (mtambo wake wa zamani wa mafuta) kama akiba bado huhesabiwa kuwa mteja, hata kama galoni anazonunua ni chache.

Naomba mnisaidie: ninawezaje kutenganisha galoni zilizoongezeka kwa kununua kampuni nyingine na zile za wateja wa awali? Na je, kiwango cha baridi ya "kawaida" cha kukadiria mauzo kikokotolewe kwa wastani wa miaka 30 au 10?