Mjamzito wa miezi 5 kwenye zamu ya usiku: sheria inasemaje?

Mwakilishi wa Tawi
Habari za kazi wadau. Kiwanda cha nguo, Tanzania Bara. Mfanyakazi ana mimba ya miezi 5, makadirio ya kujifungua 20 Novemba. Yuko kitengo cha kutia rangi, zamu ya saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Msimamizi anadai hakuna mabadiliko mpaka likizo ya uzazi ianze. Yuko sahihi?

Mdau wa Ajira
Hapana, ndugu yangu. Angalia kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa hiyo zamu hiyo yote imo. Mjamzito haruhusiwi kufanya kazi usiku miezi 2 kabla ya makadirio, hata kama mwenyewe amekubali, maana mwajiri amekatazwa kumlazimisha na pia kumruhusu. Kwake mwisho ni 20 Septemba. Kabla ya hapo anahitaji cheti cha daktari kwamba hafai tena kazi ya usiku.

Hapo kwenye cheti ndipo wengi hukwama. Kikiandikwa "apunguziwe kazi" tu, msimamizi atampunguzia ndoo mbili na kumwacha usiku uleule. Kitaje kazi ya usiku waziwazi, na tangu tarehe gani. Apeleke ofisi ya utumishi, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Usalama Kwanza
Mimi kitengo chenyewe kinanitia hofu kuliko saa. Poda za rangi, mvuke, soda kali, sakafu yenye maji, marobota ya kuinua. Kifungu cha 33 kinakataza mjamzito au anayenyonyesha kupewa kazi yenye hatari kwake au kwa mtoto, mchana au usiku. Hakitaji kilo wala orodha ya kemikali, hivyo orodhesheni wenyewe anachoshika na anachovuta, daktari akione kabla ya kuandika. Akihamishiwa kukagua au kufungasha, masharti yasiwe duni kuliko ya awali. Ile nyongeza ya 5% kwa kila saa ya usiku itakoma kwa kuwa hafanyi tena usiku, lakini mshahara wa msingi usiguswe.

Mdau wa Ajira
Niongeze tarehe. Taarifa ya likizo, pamoja na cheti, ifike miezi 3 kabla ya makadirio, yaani si zaidi ya 20 Agosti. Likizo yaweza kuanza wiki 4 kabla: 23 Oktoba. Akianza siku hiyo, siku 84 za likizo zinaisha 14 Januari (mapacha ni siku 100).

Sasa angalieni kosa linalorudiwa kila mara: anaripoti 15 Januari, anapangwa usiku jioni hiyohiyo. Akijifungua tarehe ileile ya makadirio, miezi 2 ya kutofanya kazi usiku baada ya kujifungua inaisha 20 Januari. Akichelewa kujifungua, nayo inasogea mbele. Na mtoto au yeye akiwa bado hajawa sawa, cheti kinarefusha.

Mwakilishi wa Tawi
Asanteni sana. Na kunyonyesha?

Usalama Kwanza
Muda usiozidi jumla ya saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Wakubaliane kwa maandishi saa zipi, la sivyo mtunza mahudhurio atamwandika mtoro. Akiachishwa kazi kwa sababu ya mimba, fomu namba 1 ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ijazwe ndani ya siku 30. Msisubiri barua ya pili.