Duka la dagaa Mwanga lina wiki tisa, pesa inazunguka ila siioni. Nichukue mkopo au nifunge?

BintiMwanga:
Wakuu habari za saizi, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni mawazo maana usingizi umekata. Nimefungua fremu hapa Mwanga, Kigoma mjini, nauza dagaa wakavu na mawese. Mtaji ulikua laki nane, nimeukusanya kwenye kikoba miaka miwili, nikalipia fremu miezi mitatu, nikanunua mzani na meza, iliyobaki nikashuka nayo mwaloni Kibirizi, pale boti za uvuvi zinaposhusha, kuchukua mzigo. Wiki za mwanzo wateja walikuepo kweli jamani, nikaona Mungu kafungua. Saivi ni wiki ya tisa, leo asubuhi nimehesabu droo nakuta elfu 34, na daftari la madeni linasoma laki na elfu 85, majirani, mwalimu mmoja, mama wa genge, wote nawajua na wote wana maneno mazuri. Mzigo wa mwisho nimenunua wiki iliyopita kwa bei ya juu sana, na bei ya kuuzia sijapandisha nikihofia wateja watahama. Kuna dada kaniambia kuna watu wanatoa mkopo hapohapo, unarejesha kila siku jioni. Nichukue? Au nifunge tu nirudi kwa mama Kasulu?

MamaUjiji:
Marahaba mwanangu. Huo mkopo wa kila siku ndo kausha damu, usiuguse. Dagaa hawauziki kila siku sawa, na mwenye marejesho anakuja kila siku sawa, atakukuta siku hujauza na atabeba mzani.

Sasa nisikilize kwa makini, ulinunua wiki iliyopita, wiki iliyopita mwezi ulikua mkubwa. Hilo ndo kosa lako na hakuna aliyekufundisha. Vipe, zile boti za kuvulia dagaa, vinaingia ziwani usiku na taa, dagaa anaufuata ule mwanga ndo anavuliwa, mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa taa haina nguvu, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, mwaloni mzigo unakua wa kugombania na bei inaruka. Kwahiyo mwenye duka la dagaa ananunua kwenye giza, zile siku usiku hauna mwezi, tena ananunua wa kumvusha mpaka mbalamwezi ipite. Wewe kwenye giza ulikua unauza na kukopesha, mbalamwezi ndo ukaenda kununua. Na usiogope kupandisha bei siku hizo, watu wa Kigoma wanajua mwezi ukiwa juu dagaa anapanda, wamezaliwa nalo hilo.

Ukifika mwaloni usinunue kwa macho. Mkunje dagaa mmoja, akivunjika kwa mlio amekauka, akijikunja mrudishe. Wachukue wa kwenye chanja, walioanikwa chini mchangani chukua konzi moja upepete kwenye ungo uone mchanga utakaobaki, huo mchanga unaulipia kama dagaa. Na mvua zikianza hapa kwetu mwezi wa kumi na moja hazimalizi mpaka wa nne, dagaa wa mvua hafai kuwekwa stoo, ataota ukungu.

Weka akiba ya mzigo mkavu mwanangu. 2024 ziwa lilivofungwa katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya wa nane ili samaki wazaliane, tulioweka stoo ndo tulibaki na meza sokoni.

Kipe_Katonga:
Mama kasema yote mimi nagusa madeni tu. Dada usitume meseji za kudai, watu wanazizoea. Mwalimu mfate siku mshahara unaingia, mapema kabla duka lingine halijamfikia. Mama wa genge usimdai hela, chukua nyanya na vitunguu vya nyumbani kwako mkatane. Kuanzia leo hakuna kukopesha mtu yeyote mpaka daftari lirudi chini ya elfu 50.

MnyamweziTabora:
Mkuu hapo mwisho sikubaliani na wewe, duka la mtaani bila kukopa halipo, labda amuwekee kila mtu kikomo, huyu elfu 5 yule elfu 10, akilipa ndo anachukua tena.

Dada mimi nina duka la asali na karanga hapa Tabora, miezi sita ya mwanzo nilikua kama wewe hivohivo. Kilichonitoa ni bakuli mbili, moja hela ya mzigo, nyingine ya faida, na chakula cha nyumbani nikitoa dukani nakiandika na nakilipia kama mteja. Andika wiki mbili tu utashangaa, mimi niligundua nyumba ilikua inakula kuliko nnavyopata faida.

Kingine, kama una wenzio wanne mnaoaminiana undeni kikundi mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, muombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Inachukua muda, sio ya kuokoa wiki hii, ila anza sasa.

Na usifunge kabla hujapitisha walau giza mbili umenunua vizuri. Mpaka sasa hujaijaribu hii biashara vile inavotakiwa.

BintiMwanga:
Nimesoma mara tatu, machozi yamenitoka, asanteni sana. Huo mkopo nimemkatalia yule dada leoleo. Mama wa genge kakubali tukatane, nimerudi na nyanya, vitunguu na mkungu wa ndizi, deni lake limeshuka elfu 12. Kweli nyumbani nilikua nachota dagaa bila kuandika, kila siku kisahani, na mdogo wangu akija kisahani kingine.

Mama Ujiji, nikipata laki moja mpaka Jumanne naweza kuingia mwaloni au nisubiri?

MamaUjiji:
Usisubiri. Jana mwezi umetoka karibu saa sita usiku, vipe vimeshaanza kuingia, bei itakua inashuka kila siku. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nikukute Kibirizi, uje na ungo wako na usimwambie mtu una shilingi ngapi.

BintiMwanga:
Nitakuepo mama.