Petroli ya 88 bei chini kuliko ya 87, hii ni salama kweli au ndio kuchakachuliwa kwenyewe?

MtuWaIringa

Habari wakuu, natumaini wote wazima. Mimi nipo Des Moines, jimbo la Iowa huku Marekani, bado mgeni mgeni, nimejikongoja nimenunua Corolla ya 2009 ya kuendea kazini. Sheli ninayojaza pampu moja ina vitufe kadhaa, kuna 87, kuna 88, kuna 91 na kingine cha njano kimeandikwa E85. Kinachonitatiza ni hiyo 88, namba iko juu ya 87 lakini bei iko chini. Nikainama nikasoma stika ya rangi ya chungwa iliyobandikwa pale, inasema ina ethanoli, yaani pombe, hadi asilimia 15, itumike kwenye magari ya kuanzia 2001 tu, usiweke kwenye boti wala mashine ndogo za petroli, inaweza kuziharibu na sheria inakataza.

Nyie mnajua tulikotoka, ukichanganya petroli na kitu kingine wewe ni mchakachuaji na sheli inafungiwa. Mdogo wangu anaendesha boda Iringa, alijaza kituo kimoja cha njiani pikipiki ikaanza kugonga, mlimani haipandi, fundi alivyofungua plagi ilikuwa nyeusi tii, hela ya wiki nzima ikaishia gereji na hakuna wa kumlipa. Sasa huku naona serikali ndiyo inayotaka watu wachanganye pombe na petroli. Naomba kueleweshwa, Corolla yangu niiwekee hiyo 88? Na mashine ya kukatia majani niliyoachiwa na mwenye nyumba je? Na kwa nini huku iwe halali na kwetu iwe kosa? Natanguliza shukrani.

Fundi wa Tabata

Mkuu Corolla ya 2009 weka 88 usiwe na wasiwasi, ila mashine ya majani usithubutu.

Hiyo 87 nayo ujue ina ethanoli, kwa Marekani karibu petroli yote ya kawaida ina asilimia 10, hivyo tofauti ya 87 na 88 ni pombe kidogo tu iliyoongezwa. Hizo namba ni oktani, yaani uwezo wa mafuta kuzuia injini isigonge, na ethanoli ina oktani kubwa kuliko petroli ndio maana namba inapanda, kiwandani wanatoa petroli duni ya kama 84 halafu ethanoli ndiyo inaipandisha ifike 87. Bei inashuka kwa sababu ethanoli ya mahindi mara nyingi ni rahisi na huko Iowa mmekaa katikati ya mashamba yenyewe.

Ila usiangalie bei ya galoni peke yake. Ethanoli ina nishati pungufu, kama theluthi moja chini ya petroli kwa ujazo uleule, kwa hiyo ukitoka asilimia 10 kwenda 15 unapoteza kama asilimia moja na nusu hadi mbili ya mwendo. Galoni ikiwa dola 3, hiyo 88 iwe chini kwa senti 6 hivi ndio uanze kusema umeokoa kitu. Na kitufe cha njano achana nacho kabisa, E85 ina ethanoli kuanzia asilimia 51 mpaka 83, ni ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili yake.

Sasa mashine ndogo. Ethanoli inavuta maji hata yale ya kwenye hewa, yakizidi kiasi kidogo tu pombe inaiacha petroli, inashikana na maji inazama chini ya tenki, na mashine inanyonya chini. Kabureta ya zamani ina vimipira na vitobo vyembamba kama sindano, pombe inaila mipira, mafuta yaliyolala msimu mzima yanaacha gundi kwenye vitobo, mwezi wa nne unavuta kamba mpaka bega linauma haiwaki. Huko kuna vituo vinauza petroli isiyo na ethanoli, bei iko juu lakini mashine ya majani inakula kidogo, nunua hiyo. Na baridi ikianza mwaga yote, iwashe mpaka ijizime yenyewe.

Sukuma_Iowa

Mkuu karibu sana Des Moines, tuko wengi huku, Watanzania, Wakongo, Warundi.

Nijibu la sheria. Marekani serikali kuingia kwenye petroli ilianza na sumu. Zamani waliweka madini ya risasi kuzuia injini isigonge, yakawa yanaharibu akili za watoto, yakaondolewa kidogo kidogo mpaka 1996 yakapigwa marufuku kabisa kwenye magari ya barabarani. Sisi Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria 2021. Baada ya risasi wakaja na kemikali moja inaitwa MTBE, nayo ikavuja kwenye matenki ya chini ya ardhi ikaingia kwenye visima vya maji ya kunywa, California ikaikataa. Ethanoli ikabaki ndiyo inayofaa. Halafu 2005 Bunge lao likapitisha sheria kwamba kila mwaka kiwango fulani cha mafuta ya mimea lazima kiingie sokoni, 2007 wakaongeza. Hapo wakulima wa mahindi wa Iowa walipata soko ambalo hakuna mwanasiasa wa kuligusa, na mimi naona hilo ndilo lenye nguvu kuliko hayo mazingira wanayoyasema.

Hiyo 15 ina vituko vyake. Kiangazi kuna kikomo cha jinsi petroli inavyoruhusiwa kupeperuka hewani kwa sababu mvuke wake ukipigwa na jua unaleta moshi mchafu mijini. Ethanoli inaongeza kupeperuka, kwa hiyo sheria iliipa nafuu ile ya asilimia 10 peke yake, ya 15 haikutajwa, matokeo yake sehemu nyingi ilikuwa haiuzwi kuanzia Juni mosi hadi Septemba 15. Wakati kitaalamu ya 15 haipeperuki kuliko ya 10! Mwaka 2019 EPA, mamlaka yao ya mazingira, ikaruhusu mwaka mzima, 2021 mahakama ikatengua, kuanzia 2022 wakawa wanatoa ruhusa ya dharura kila kiangazi. Iowa wao mwaka 2022 wakapitisha sheria yao kwamba sheli nyingi lazima ziwe na hiyo 15 ifikapo 2026, ndio maana unaiona kila kona.

Na ukiangalia pampu vizuri utaona stika ya ukaguzi ya idara ya kilimo ya jimbo, hao ndio wenye kitengo cha vipimo. Isome.

Depoti Kigamboni

Wadau nimefanya kazi upande wa upakiaji wa magari ya mafuta Dar, naomba niseme la huku nyumbani maana mleta mada ameuliza la msingi.

Kwetu chanzo cha uchakachuaji kilikuwa kodi. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo sana kwa sababu ni ya mtu wa chini, dizeli na petroli kodi kubwa, mjanja akichanganya lita za taa kwenye dizeli ile tofauti yote inaingia mfukoni kwake. Ya pili ni mafuta ya transiti ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda, hayalipiwi kodi hapa, gari linatoka bandarini usiku linashusha njiani. Ndio 2010 EWURA, mamlaka yetu ya kudhibiti nishati na maji, ikaleta vinasaba, yaani kila mafuta ya soko la ndani yakipakiwa depoti yanatiwa kimiminika cha siri kwa kipimo maalumu, mkaguzi akija sheli anachukua sampuli anaweka kwenye kifaa, kinasaba kikiwa kimepungua ujue kuna kitu kimeongezwa, kikikosekana kabisa ujue yalikuwa ya transiti. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ikazidi shilingi 400 kwa lita, faida ya kuchanganya ikafa. Uchakachuaji ulipungua sana, hilo nakubali, lakini aliyebeba mzigo ni mama mwenye jiko la mchina na kibatari ambaye hajawahi kumchakachulia mtu lita moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

NyanzaDereva

Hata Kenya ilikuwa hivyo hivyo, 2018 wakaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, na jina wakaupa kabisa la kuzuia uchanganyaji. Na wazee wanakumbuka miaka ya themanini Nairobi kulikuwa na petroli ya kuchanganywa na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni, ikaisha miaka ya tisini. Kuchanganya si jambo geni huku.

Kasumulu Mpakani

Msiende mbali, vukeni hapa Kyela muingie Malawi. Wanachanganya tangu 1982, ethanoli ya molasi kutoka Dwangwa, na Corolla zinatembea. Brazil wako asilimia 30 sasa tangu Agosti 2025. Sisi miwa tunayo Kilombero, Mtibwa, Moshi, mkulima anahangaika na bei, halafu kila tone la petroli linatoka baharini kwa dola. Mimi naunga mkono na sisi tuanze, hata kwa asilimia 5.

Depoti Kigamboni

@Kasumulu Mpakani sikatai, ila kwanza matenki ya sheli. Mvua za masika maji yanaingia kwenye matenki ya chini, petroli tupu maji yanakaa chini wanayavuta wanaendelea kuuza. Ukishaweka ethanoli yale maji yanaondoka na pombe yote, kinachobaki juu oktani imeshuka na chini kuna uchafu usiouzika. Wenzetu ethanoli wanaichanganya depoti mwishoni kabisa wakati gari linapakia, hawaipitishi kwenye mabomba marefu kwa sababu hiyohiyo. Tukianza bila kukagua matenki boda wote nchi hii watakuwa kama mdogo wake na mleta mada.

MtuWaIringa

Nashukuru sana wakuu, nimeelewa. Gari nitaweka 88 ikiwa imeshuka zaidi ya hizo senti 6, mashine ya majani nitaitafutia isiyo na ethanoli. Swali la mwisho kwa Fundi, mdogo wangu afanyeje akihisi amewekewa uchafu tena?

Fundi wa Tabata

Kwanza adai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kila akijaza, bila hiyo hana kesi. Akihisi kitu asiendelee kuendesha, atoe mafuta kidogo kwenye bomba la kabureta, adondoshe tone kwenye karatasi nyeupe, petroli safi inakauka haraka bila alama, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta linalokaa. Akitaka kujua kama kuna maji au pombe achukue chupa nyembamba ya kioo, aweke maji robo achore mstari wa kalamu, ajaze petroli, atikise, aache itulie. Maji yakipanda juu ya mstari kuna kitu kimeongezeka. Hiyo ni ya kumpa yeye uhakika tu, haisimami kama ushahidi, kwa hiyo aripoti EWURA siku hiyohiyo kabla kituo hakijashusha mzigo mwingine, waje wachukue sampuli wenyewe kwenye pampu. Na awaambie madereva wenzake wa kijiweni waliojaza palepale, malalamiko ya watu kumi hayapuuzwi kirahisi.