Tumeachana baada ya miaka 9, na hati ya nyumba haina jina langu

Ndugu zangu, mimi na mwenzangu tuliishi pamoja Mabatini, Mwanza, bila kufunga ndoa, tukajenga vyumba vitatu juu ya miamba kwa mshahara wake na kwa faida ya dagaa niliokuwa nikinunua soko la Mwaloni, Kirumba. Mwezi uliopita alinitaka niondoke. Sasa ninalala sebuleni kwa dada yangu Igoma, na kila mlango unapogongwa usiku moyo unadhani ni yeye. Wenye nyumba za kupanga wanadai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, nami sina. Nifanyeje?

Jibu la kwanza
Pole sana, dada. Usikubali kuambiwa huna chako. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinawadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kutambuliwa hivyo na jamii, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Tunza stakabadhi za saruji, zungumza na majirani walioshuhudia ujenzi, kisha ufike baraza la usuluhishi la kata.

Jibu la pili
Tafuta chumba Buhongwa, ambako mama mmoja alinikubalia kulipa mwezi kwa mwezi nilipomweleza ukweli. Kuhusu moyo, mwanangu, mimi nililia karibu mwaka mzima, na bado nilikwenda sokoni kila alfajiri.

Muulizaji
Ahsanteni. Stakabadhi ninazo. Jumatatu nitakwenda kata pamoja na dada.